Uchambuzi wa kisa: leseni halali Delaware, batili Florida

Kisa hiki ni cha familia moja ya Mkenya na Wakongo wanaoishi kaskazini-mashariki mwa Marekani. Majina, miji na namba za kesi vimeondolewa, na mambo kadhaa ya kifamilia yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Sheria, vifungu na maandishi ya kwenye kadi vimeachwa kama vilivyo, kwa kuwa humo ndimo lilimo somo.

Sheria iliyobadilika

Tarehe 10 Mei 2023 Gavana Ron DeSantis wa Florida alitia saini muswada wa SB 1718, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huohuo. Una mambo mengi: waajiri, hospitali, usafirishaji wa watu. Kwa madereva, kiini ni kifungu kipya cha 322.033. Kinasema kwamba leseni ya jimbo lingine, ikiwa ni ya aina inayotolewa kwa wahamiaji wasioweza kuthibitisha kuwa wako nchini kihalali na kwa hao tu, ni batili ndani ya Florida. Askari akimkuta mtu anaendesha kwa leseni ya namna hiyo, anatakiwa amwandikie kosa la kuendesha bila leseni chini ya kifungu cha 322.03. Wakati wa kisa hiki kosa hilo lilikuwa jinai ya daraja la chini: kifungo kisichozidi siku 60 na faini isiyozidi dola 500.

Sheria iliiagiza idara ya usalama wa barabara kuu na magari ya jimbo iweke kwenye tovuti yake orodha ya leseni zinazokataliwa. Orodha iliyotangazwa Julai 2023 ilitaja majimbo 5: Connecticut, Delaware, Hawaii, Rhode Island na Vermont. Kila jimbo liliwekewa maneno ambayo askari ayatafute usoni mwa kadi. Kwa Delaware maneno ni «Driving Privilege Only», yaani ruhusa ya kuendesha tu, au «Not Valid for Identification», yaani haifai kuwa kitambulisho.

Wengi huuliza jimbo moja linapata wapi nguvu ya kukataa leseni ya jimbo jingine. Hakuna sheria ya shirikisho inayolazimisha majimbo kutambuliana leseni za udereva. Leseni ya Delaware ilikubalika Florida kwa sababu sheria ya Florida yenyewe, kifungu cha 322.04, inamsamehe mgeni mwenye leseni halali ya kwao. Aliyetoa msamaha ndiye aliyeupunguza. Florida haikuifuta kadi ya Delaware wala haina uwezo huo. Ilichokataa ni kuitambua ndani ya mipaka yake.

Waliokuwemo garini

Dereva wa kisa hiki ni Mkenya aliyeingia Marekani kwa viza ya masomo, muda wake ukaisha, akabaki. Alikuwa na kadi ya Delaware ya ruhusa ya kuendesha. Jimbo hilo lilianza kuzitoa mwishoni mwa 2014, na mwombaji hutakiwa kuonyesha kwamba ametoa taarifa za kodi ya mapato ya jimbo kwa miaka 2 iliyotangulia. Alifaulu mitihani, gari lilikuwa na bima, na kadi yake ilikuwa na zaidi ya mwaka kabla ya kuisha.

Mkewe ni Mkongo aliyeletwa na mpango wa wakimbizi na baadaye akapata uraia. Hakuwa na leseni. Ombi lake la kumtambua mumewe kama ndugu wa raia lilikuwa limeshapelekwa uhamiaji. Ombi la mume mwenyewe la makazi ya kudumu walikuwa wameliahirisha kwa sababu ya ada, wakati huo dola 1,225.

Wa tatu ni kaka wa mke, shemeji wa dereva. Aliingia kwa viza, akaomba hifadhi, na ombi bado linasubiri. Alikuwa na kibali cha kazi na leseni ya kawaida ya jimbo jirani, yenye maandishi «Limited Term», yaani ya muda wenye kikomo, na tarehe ya kuisha iliyofungwa na ile ya kibali.

Mfuatano wa matukio

Ndugu yao alifariki Florida wiki chache baada ya sheria kuanza. Safari kwa barabara ya I-95 kutoka Delaware hadi mpaka wa Florida ni kilomita 1,300 hivi, na msiba haungoji, wakaondoka usiku uleule.

Wakiwa njiani, simu ya mke ilipokea ujumbe wa sauti uliokuwa ukizunguka kwenye makundi ya WhatsApp: «Leseni za wahamiaji hazitambuliwi tena Florida, zile za muda. Ukikamatwa nazo ni jela.» Msemaji hakutaja jimbo hata moja, wala maneno ya kwenye kadi. Walipotoa leseni zao na kuzilinganisha, ya shemeji ndiyo iliyoonekana ya muda: imeandikwa waziwazi kwamba ina kikomo. Ya dereva iliandikwa ruhusa ya kuendesha, nao wakaisoma hivyo, kwamba inaruhusu kuendesha.

Shemeji alikuwa ameshika usukani usiku kucha. Kwenye kituo cha mapumziko upande wa Georgia, kabla ya mto St. Marys ulio mpakani, wakabadilishana viti. Mwenye leseni inayokubalika Florida akahamia nyuma kulala, na mwenye leseni iliyokataliwa akaingiza gari jimboni.

Chini ya saa moja baadaye askari wa barabara kuu aliwasimamisha kwa mwendo wa maili 83 mahali penye kikomo cha maili 70. Alichukua kadi, akaisoma, akarudi kwenye gari lake, kisha akaja na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwendo kasi, kosa la kiraia. Ya pili ilikuwa ya kifungu cha 322.03, yenye tarehe ya kufika mahakamani.

Dereva alifanya mambo mawili vizuri pale. Alitia saini karatasi zote mbili. Saini hiyo ni ahadi ya kushughulikia kesi, haina maana ya kukiri, na huko Florida kukataa kusaini kwa makusudi ni kosa jingine la jinai. La pili, alitoa leseni, kadi ya gari na bima, lakini alipoulizwa anaishi Marekani kwa hati gani alisema kwa adabu kwamba angependa asilijibu swali hilo bila wakili. Hakudanganya, wala hakutoa karatasi ya uongo.

Mke alipouliza gari litaendeshwa na nani, askari aliomba leseni ya shemeji, akaikagua na kumrudishia: endelea. Gari halikuvutwa. Hapo ndipo familia ilipojua kwamba wangeweza kufika msibani bila kesi, laiti wasingebadilishana viti.

Maamuzi baada ya kusimamishwa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mbaya. Mke alifungua tovuti ya karani wa mahakama ya kaunti, akaona faini moja, akailipa kwa kadi ya benki, na wote wakadhani mambo yamekwisha. Alilipa ya mwendo kasi. Ya jinai haikuwa na kitufe cha kulipia, kwa sababu haimalizwi kwa malipo: lazima mshtakiwa au wakili wake afike. Kama wasingeligundua hilo, tarehe ingepita, hakimu angetoa hati ya kukamatwa, na taarifa ya kutofika ingeweza kulifuata jina lake mpaka kwenye jimbo lake.

Kulipa upesi hata ile ya mwendo kasi kulikuwa na hasara. Florida humpa dereva siku 30 za kuchagua: kulipa, kuomba kusikilizwa, au kusoma kozi ya udereva ili alama za makosa zisihesabiwe kwenye rekodi yake. Kwa kulipa alikubali kosa, na alama zikahesabiwa.

Ndugu mmoja msibani alishauri dereva aende mahakamani na leseni yake ya Kenya, aseme yeye ni mgeni. Ushauri huu husikika mara nyingi, nao ni wa hatari. Ni kweli Florida humruhusu mgeni wa kutoka ng'ambo kuendesha kwa leseni ya nchi yake. Mwaka 2013 jimbo hilo liliwahi kuwataka wageni hao wawe pia na kibali cha kimataifa, Wakanada wakalalamika, na kwa kuwa sharti lilipingana na Mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu usafiri wa barabarani, likafutwa mwaka huohuo. Lakini msamaha huo ni wa mgeni. Mtu aliyejiandikisha kuwa mkazi wa Delaware na kulipa kodi huko hawezi kusimama mbele ya hakimu na kujiita mtalii wa kutoka Nairobi. Angelikuta kosa la leseni limezaa kosa la kusema uongo, na uongo kwa mamlaka huumiza ombi la uhamiaji kuliko kosa la barabarani. Dereva alikataa.

Siku chache kabla ya tarehe ya mahakama, rafiki alimpeleka kwa wakili wa uhamiaji, ndipo karatasi ya pili ikasomwa sawasawa. Wakili huyo akatafuta mwenzake wa kesi za barabarani katika kaunti husika. Kuwa na wawili ni gharama, ila hapa ilifaa: wa Florida alijua mwendesha mashtaka hukubali nini, wa uhamiaji alijua kila makubaliano yatasomekaje baadaye. Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky ya 2010, iliwawajibisha mawakili wa jinai kumweleza mteja athari za uhamiaji kabla hajakiri, lakini wengi hulifanya hilo kijuujuu.

Swali la kwanza la wakili wa uhamiaji lilikuwa: uliingiaje nchini? Familia ilishangaa. Sababu ni sehemu nyingine ya sheria ileile, iliyofanya kuwa jinai kubwa, hadi miaka 5 jela, kumsafirisha mtu kuingia Florida ikiwa aliingia Marekani kinyume cha sheria na hajakaguliwa na serikali kuu tangu hapo. Jaji wa shirikisho Roy Altman aliizuia sehemu hiyo mwezi Mei 2024, ila wakati wa safari hii ilikuwa ikitumika. Kwa kuwa dereva aliingia na viza na kukaguliwa uwanja wa ndege, shemeji kumwendesha kurudi Florida kwa ajili ya kesi hakukuwa na kosa. Kama angekuwa amevuka mpaka bila kukaguliwa, jibu lingekuwa tofauti kabisa.

Pendekezo lililokataliwa

Mwendesha mashtaka alitoa pendekezo la kawaida: mshtakiwa asipinge shtaka, alipe gharama za mahakama, na hakimu azuie kumtia hatiani. Kwa raia hilo ni jambo jema, maana kwa sheria ya Florida huhesabiwi kuwa umetiwa hatiani. Karibu kila mtu kwenye foleni ya siku hiyo angelipokea.

Kwa asiye raia hali ni nyingine. Sheria ya shirikisho ya uhamiaji ina maana yake yenyewe ya kutiwa hatiani: ikiwa mtu amekiri au hakupinga, na hakimu akaamuru adhabu ya namna yoyote, basi ametiwa hatiani, hata kama jimbo linasema la. Kosa la kuendesha bila leseni peke yake kwa kawaida halimfukuzishi mtu nchini. Lakini ombi la makazi ya kudumu huamuliwa kwa hiari ya ofisa, naye hupima mema na mabaya ya mwombaji. Kwa nini kumwongezea uzito upande usiofaa wakati kuna njia nyingine?

Njia hiyo ilikuwa mpango wa kuiondoa kesi kabla ya kukiri. Mshtakiwa hakiri lolote. Anasoma kozi, analipa ada, anakaa miezi kadhaa bila kosa jipya, kisha mashtaka yanafutwa. Ulikuwa mrefu na ghali kuliko pendekezo la kwanza. Wakili aliuomba akiwa na vielelezo vitatu: kadi ya Delaware ambayo bado ilikuwa hai, rekodi safi ya udereva ya jimbo lake, na hati ya bima ya gari. Hoja yake ilikuwa fupi: huyu si mtu aliyeendesha bila kufanya mtihani, ni dereva aliyepimwa na mwenye bima, ambaye sheria ilimbadilikia wiki chache kabla.

Matokeo

Mwendesha mashtaka alikubali. Dereva alikamilisha masharti, kesi ikafutwa, na wakili akachukua kwa karani nakala ya uamuzi yenye muhuri. Nakala hiyo ni ya lazima. Fomu ya makazi ya kudumu huuliza kama mwombaji amewahi kukamatwa, kuandikiwa kosa au kushtakiwa, na jibu la kweli hapa ni ndiyo, hata kesi ikiwa imefutwa. Anayeandika hapana kwa kudhani kesi iliyofutwa haikuwahi kuwepo hujitia matatani kwa jambo lililokwisha.

Familia kisha ilichangishana ada waliyokuwa wameiahirisha. Baada ya ombi kupokelewa na kibali cha kazi kutoka, dereva alirudi kwenye ofisi ya leseni ya Delaware na kubadilisha kadi yake kwa leseni ya kawaida yenye kikomo, aina ileile ambayo shemeji alikuwa nayo tangu mwanzo.

Kilichofaa na kilichoharibu

Kosa lililozaa yote ni kulinganisha kadi mbili kwa kuangalia muda badala ya msingi wake. Sheria ya shirikisho ya REAL ID ya 2005, inayoweka viwango vya leseni na vitambulisho vya majimbo, ilitenga makundi ya wageni ambao kuwepo kwao kihalali kunathibitika lakini kuna mwisho: mwenye viza hai, anayesubiri hifadhi, mwenye ulinzi wa muda, aliyeahirishiwa kuondolewa, anayesubiri makazi ya kudumu. Hao hupewa leseni ya muda, nayo lazima iandikwe kwamba ni ya muda. Kwa hiyo maneno «Limited Term» ni ushahidi kwamba mwenye kadi *ameonyesha* hati halali. Kadi inayosema ruhusa ya kuendesha tu haina kikomo kinachotisha, lakini inasema kimyakimya kwamba hati hiyo haikuonyeshwa. Sheria ya Florida inashika hii ya pili. Ujumbe wa WhatsApp ulipindua jambo kwa neno moja tu, «za muda».

Baada ya habari za sheria hii kuenea, wakimbizi na waombaji hifadhi wengi wa Kikongo na Kirundi waliogopa kuendesha Florida wakiwa na leseni zisizoguswa kabisa. Hofu hiyo ina gharama: kazi huachwa, watoto hukosa kupelekwa hospitali, na kama ilivyokuwa hapa, usukani hupewa asiyestahili.

Upande wa pili kuna majimbo ambayo leseni zake hazimo kwenye orodha ingawa huwapa hata wasio na hati. California tangu 2015 hutoa leseni yenye maneno «Federal Limits Apply», yaani ina mipaka kwa serikali kuu, na New York tangu Desemba 2019 hutoa ya kawaida yenye «Not for Federal Purposes», yaani si kwa matumizi ya serikali kuu. Maneno hayohayo yamo kwenye kadi za raia ambao hawakutaka kupeleka vyeti vya REAL ID. Askari hawezi kujua kwa kuitazama kama mwenye nayo ni raia au la. Ulinzi huo ni wa kiutendaji zaidi kuliko wa kisheria, maana kifungu cha 322.033 kina sentensi ya pili, pana, inayogusa pia kadi zenye alama kwamba mwenye nayo hakuchagua kuthibitisha uhalali wake. Kwa hiyo mwenye kadi ya California asitegemee kwamba binamu yake alipita mwaka jana. Afungue tovuti ya idara ya Florida siku ya safari na kulinganisha maneno ya kadi yake na ya orodha, herufi kwa herufi.

Kilichofaa zaidi ni utulivu kando ya barabara. Kusaini, kutoa karatasi za gari, kunyamaza juu ya hati za uhamiaji bila uongo: hayo matatu yaliacha kesi ikiwa ya leseni pekee, na ndiyo yaliyompa wakili kitu cha kufanyia kazi.

Kilichochelewa ni dawa yenyewe. Dereva alikuwa na njia ya kupata leseni ya kawaida tangu alipooa raia na kwa kuwa aliingia kwa kukaguliwa. Ada iliyoahirishwa iliishia kuwa ndogo kuliko jumla ya mawakili wawili, ada za mpango, kozi na safari za kurudi Florida. Mwenye kadi ya ruhusa ya kuendesha tu ambaye hali yake ya uhamiaji imebadilika, hata kwa stakabadhi ya ombi, amuulize wakili kama sasa anastahili kadi nyingine.

Kisa hiki kingekuwaje sasa

Mambo mawili yamekaza. Tangu 1 Julai 2024 Florida imeongeza adhabu za kifungu cha 322.03 kwa wanaorudia kosa: la pili hupanda daraja, na la tatu na kuendelea lina kifungo kisichopungua siku 10. Kesi iliyokubaliwa leo kwa haraka inakuwa ngazi ya kwanza ya hesabu hiyo.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 2025 askari wa barabara kuu wa Florida waliingia makubaliano ya kutekeleza baadhi ya kazi za uhamiaji za serikali kuu, chini ya utaratibu uitwao 287(g). Mwaka 2023 dereva huyu aliandikiwa karatasi na kuendelea na safari. Chini ya makubaliano hayo, kusimamishwa kwa mwendo kasi kunaweza kuishia kizuizini kwa uhamiaji kabla ya kesi ya leseni kuanza, na mpango wa kufuta mashtaka haumsaidii mtu aliyekwisha kuhamishwa jimbo jingine. Wyoming nayo ilipitisha mwaka 2025 sheria yake ya kukataa leseni za namna hii, inayotumika tangu Julai mwaka huo, kwa hiyo madereva wa malori na wanaohamia kazi za magharibi wakague na huko pia.

Kwa familia yenye kadi tofauti tofauti, mpangilio wa viti uamuliwe nyumbani kabla ya kuwasha gari. Mwenye leseni iliyomo kwenye orodha akae kiti cha abiria tangu kabla ya mpaka hadi watakapotoka jimboni, na awepo dereva wa pili mwenye leseni inayokubalika ili uchovu usiwalazimishe kubadilishana. Wakikosa wa pili, walale Georgia.